Filimbi kwa Mdomo wa Kaka Anatoli

Bukiriro, Ngara
26 Novemba 1978

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza kama mimi ni mzima, jua kwamba anayekuandikia ndiye fundi wa filimbi mkubwa kuliko wote waliopata kushika kisu tangu Mungu aoteshe mwanzi wa kwanza. Sisemi mimi, wanasema mbuzi. Jana nilipuliza filimbi niliyoichonga mwenyewe, mbuzi wa balozi wa nyumba kumi wakakata kamba wakaja kusimama mbele yangu mstarini kama wanafunzi, na dume la ng'ombe la katibu wa kijiji likatoa machozi. Machozi kabisa, kaka. Nililifuta kwa shati langu.

Haya, salamu sasa. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usisimame mbele. Nikamwambia, mama, kule si foleni ya sukari dukani kwamba mtu anachagua pa kusimama. Akanirushia mwiko. Shamba la kijiji tunalilima kwa taabu, maana vijana wote mmechukuliwa, tumebaki wazee, akina mama, na mimi. Mimi walinikataa. Walisema umri haujatosha, lakini wewe na mimi tunajua waliogopa vita vitaisha kabla nyinyi wengine hamjafika.

Sasa turudi kwenye ufundi. Siku unaondoka uliniambia mikono yangu inafaa kubomolea vichuguu. Nimekusamehe. Tangu baba afariki kisu chake kiko kwangu, nami nimeshaelewa siri yote, kwa hiyo kaa chini nikufundishe, maana wewe unajua kupuliza tu, ukipewa kisu unakata kidole.

Mwanzi ukishakauka juu ya moshi wa jikoni, unachonga pengo dogo kwenye ncha ya juu, pale mpulizaji anapowekea mdomo. Upana wake kama ukucha. Unachonga kutoka nje, unateremsha kisu polepole, upande wa ndani huugusi. Ukingo unaobaki pale chini ya pengo ndio kila kitu. Ndio unaoipasua pumzi, nyingine iingie ndani, nyingine iende zake. Ukingo ukiwa butu, pumzi inateleza, unasikia fyuuu kama birika. Ukiwa mwembamba mno, mate yanaulainisha, baada ya wiki umekuwa nyuzinyuzi kama mswaki wa mti. Wa baba ulikuwa katikati. Wangu umempita baba kidogo, lakini usimwambie mama, ana mwiko mwingine.

Na kupima sijasahau. Baba hakumkatia mtu pengo mpaka amwekee kidole gumba mdomoni, amwambie "puliza," asikie pumzi inatokea wapi. Ndiyo maana filimbi yako ikishikwa na mtu mwingine inakuwa bubu. Nimempima Odeta wa jirani ili nimkatie ya kwake. Amening'ata. Barua hii nimeiandika kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Ni mimi mdogo wako,
Xavery, Fundi Mkuu


Mahali siruhusiwi kutaja
14 Januari 1979

Mdogo wangu Xavery,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa imelowa, lakini majigambo yote yalikuwa makavu, hakuna hata moja lililofutika. Mimi mzima, isipokuwa miguu, ambayo imetembea mpaka imenichukia. Mama mwambie nakula. Asiulize nakula nini.

Dume la katibu nalijua. Lina ugonjwa wa macho tangu mwaka juzi. Hata ukipita na ndoo tupu linatoa machozi.

Filimbi ya baba ninayo mfukoni, upande wa moyo. Tukipata pumziko wenzangu hawanipi nafasi hata ya kufunga kiatu, "Ngara, puliza! Ngara, puliza!" Jina langu limekufa, naitwa Ngara. Kuna mmoja wetu aliacha kusema na watu tangu siku moja ambayo sitaiandika hapa. Nikipuliza ule wimbo wa kurudisha ng'ombe jioni, anasogea, anakaa karibu na goti langu.

Rafiki yangu mkubwa ni Shibuda, Msukuma wa kutoka Geita, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha kikosi. Amesikia sifa zako (nimemsomea barua, amecheka mpaka sajini akaja) na anataka umkatie filimbi. Mdomo wake ni mkubwa, basi fanya pengo kubwa.

Nikwambie jambo. Mwaka juzi nilipokwenda kwa shangazi Zita kule Nemba, kiongozi wao wa ngoma, Mzee Ndassa, aliniambia nafasi ya mpulizaji wa mbele ni yangu siku nikiitaka. Nilijifanya nina kazi nyingi. Sasa nalala nikiiwaza nafasi hiyo. Nikirudi sitaki cheo wala sifa ya vita, nataka kusimama pale mbele ya ngoma nipulize, basi.

Usiwe mtoro wa shamba la kijiji. Na mwombe Odeta msamaha.

Kaka yako,
Anatoli


Bukiriro
20 Februari 1979

Kaka Ngara,

Shikamoo tena na tena. Sisi wazima, sukari tu ndiyo mgonjwa, hajaonekana dukani tangu Krismasi. Tunamsikiliza mtangazaji kwa redio ya balozi, kila mkisogea mbele mama anasogea karibu na redio, sasa amebakiza kuingia ndani yake.

Shibuda mpe salamu, umwambie simkatii. Asinielewe vibaya. "Mdomo mkubwa" ndiyo kipimo gani hicho? Kiboko ana mdomo mkubwa. Pumzi yake inatokea katikati au pembeni? Mdomo wa chini umejaa au umekaza? Bila kidole changu pale simkatii mtu, hata aniletee barua ya mkuu wa wilaya. Fundi anayekata kwa kukisia anauza birika. Vita vikiisha aje Bukiriro, nitamkatia, na mama atampikia, ingawa kwa unene unaousema tutaanza kumlimia shamba lake mapema.

Halafu nimegundua jambo ambalo hata baba hakulijua. Ukishachonga ukingo, unapitisha msumari wa moto juu yake, haraka, kama unaulamba, halafu unapaka samli. Unakuwa mgumu, mate hayauwezi. Nimechoma mianzi mingi kabla ya kujua uharaka wenyewe. Mama anasema nimemmalizia kuni za Kwaresima.

Hiyo nafasi ya Nemba ni yako tayari. Siku utakayosimama mbele ya ngoma ya Ndassa, utakuwa umeshika filimbi yangu. Watu watauliza, huyu nani anapuliza hivi? Nitasimama niwaambie, ulizeni kwanza nani kaikata.

Mdogo wako,
Xavery


Hospitali
12 Mei 1979

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi naendelea vizuri. Kama mmesikia lolote kwa watu, mmesikia zaidi ya ukweli.

Nimeumia mdomo. Kipande cha bomu. Meno mawili ya mbele ya juu yamekwenda, na mdomo wa juu ulipasuka, wameushona. Macho mazima, mikono mizima, kama unavyoona naandika mwenyewe. Maneno yanatoka vibaya kidogo. Shibuda anasema sasa nazungumza Kisukuma safi.

Mama mweleze taratibu, usimpe barua aisome mwenyewe.

Filimbi ya baba haikupata hata mkwaruzo. Nimeijaribu jana. Inatoa upepo mtupu. Nimejiambia ni kawaida, baba aliikata kwa mdomo mwingine.

Xavery, mwezi wa nane wataniruhusu kurudi nyumbani. Nitunzie mwanzi mmoja mzuri.

Kaka yako,
Anatoli


Bukiriro
3 Juni 1979

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, pole, pole sana. Mama nimemweleza. Akasema, "Macho anayo?" Nikasema anayo. "Mikono?" Anayo. Akasimama akaenda kupika, akaunguza maharage, tukayala hivyo hivyo. Tangu hapo anamsimulia kila anayepita kwamba mwanawe ana macho na mikono.

Meno mawili ni kitu gani? Bibi Marsiana alikuwa na jino moja na alikula mahindi ya kuchoma mpaka siku ya kufa kwake. Wewe unabaki na meno ya kutosha ukoo mzima.

Na hilo la filimbi usilifikirie hata kidogo. Mdomo mpya, pengo jipya, kwisha. Nimeuchagua mwanzi, wa bondeni, mnene wa ngozi, pingili ndefu, nimeuweka juu ya moshi na namgombeza kila mtu anayeusogelea. Ukifika tu nakuwekea kidole, unapuliza, najua pumzi inatokea wapi, jioni una filimbi. Fundi Mkuu hajashindwa na mtu, atashindwa na kovu?

Njoo upesi. Odeta anauliza kama utanikanya niache kujisifu. Nimemwambia askari hapigani vita viwili.

Mdogo wako,
Xavery


Nemba, Biharamulo
7 Oktoba 1979

Mdogo wangu Xavery,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Shangazi Zita hajambo, anawasalimu. Nilifika salama, lori lilikwama mara moja tu.

Samahani kwa kuondoka Bukiriro upesi vile. Mama nilimwambia ni kazi ya shamba la shangazi. Wewe najua hukuamini. Huko kwetu kila mtu alinijua nilivyokuwa, akizungumza nami anaangalia begani mwangu. Huku hawanijui sana. Watoto wanatazama wazi wazi, na hilo nalivumilia kirahisi zaidi.

Nataka kukueleza kuhusu filimbi uliyonikabidhi asubuhi ile naondoka. Kwa kuitazama ni kazi nzuri mno, sijaona ukingo uliochongwa safi namna ile, na usijivune. Nilikuuliza umenipima lini, ukasema ulinipima mchana nilipokuwa nimelala mkekani, hukutaka kunisumbua. Nilifurahi. Njia nzima niliishika mkononi.

Jumapili iliyopita Mzee Ndassa alinipa nafasi. Ngoma zilipigwa, akaninyooshea mkono, nikasimama mbele. Nikapuliza. Fyuuu. Nikageuza filimbi, nikabana mdomo, nikapuliza tena. Fyuuu. Wapiga ngoma ni watu wema, wakazidisha kupiga ili isisikike. Watoto hawakuwa wema. Mmoja alisema, "Chai tayari!" Mzee Ndassa alikohoa, akasema labda ni baridi. Kulikuwa na jua kali.

Tangu siku hiyo najaribu kila jioni kule kwenye mihogo. Haijatoa sauti hata moja.

Sasa nakuuliza kama fundi, si kama mdogo wangu. Kosa ni la filimbi au la mdomo? Daktari alisema mdomo umepona jinsi utakavyopona. Kama ni filimbi, utakata nyingine na nitasubiri. Kama ni mdomo, niambie, niache kuwaza jambo hili. Mzee Ndassa ananisubiri mpaka mavuno. Utakachosema nitakiamini.

Kaka yako,
Anatoli


Bukiriro
21 Oktoba 1979

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama hajambo, anakusalimu.

Filimbi haina kosa. Unasema na mtu aliyelifanya dume la katibu lilie! Ukingo ule niliuchonga siku nzima, nikaupitishia msumari, nikaupaka samli ya mama ambayo hajui mpaka leo. Nimekata nyingine ndugu yake, naipuliza hapa, inaimba. Fanya mazoezi tu. Mdomo umekaa muda mrefu bila kazi, umekuwa mvivu kama mimi siku za zamu ya shamba la kijiji. Kidogo kidogo utakubali. Watoto wa Nemba waambie nikija nitawachapa.

Mdogo wako,
Xavery


Nemba
18 Novemba 1979

Mdogo wangu,

Asante kwa barua. Nimefanya mazoezi kama ulivyosema, mpaka kovu likafunguka kidogo upande wa kushoto. Shangazi alinipaka dawa, akaificha filimbi ndani ya pipa la mtama kama ananificha kisu.

Umenijibu kwa uwazi na nakushukuru. Filimbi ni nzuri, basi ni mimi. Ni afadhali kujua. Jana nimemwambia Mzee Ndassa amtafute mwingine. Alinishika mkono muda mrefu, hakubisha. Januari kijiji kinapeleka watu kupasua mbao msituni, nimejiandikisha. Kule hakuna ngoma, na msumeno hauulizi mtu ana mdomo gani.

Usinikatie nyingine tena, Xavery. Sikukasirikii hata chembe. Una mkono wa baba, wakatie watu wengine. Ile yako na ile ya baba nitawaachia watoto wa hapa wachezee, ni vibaya filimbi kukaa pipani.

Mama asijue sababu. Mwambie mbao zina faida.

Kaka yako,
Anatoli


Bukiriro
4 Desemba 1979

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Mimi si mzima. Mama mzima. Leo sina dume wala mbuzi.

Usiende msituni. Na filimbi usiwape watoto, ile yangu itupe jikoni ikachemshe chai wanayoitaka. Naandika haraka, dereva wa lori la chumvi atakayekuletea barua hii ananisubiri na anapiga honi kama amechomwa. Keshokutwa nakuja Nemba mwenyewe na mwanzi mzuri uliokauka, mwingine wa bondeni. Pengo lake sijalikata. Sitalikata mpaka nifike ulipo.

Barua yako nilipoisoma pale uliposema "basi ni mimi," niliikunja, nikaifungua, nikaikunja tena. Halafu nikachukua ile filimbi ndugu yake, ile ninayosema inaimba. Kwangu inaimba kweli. Nikaubana mdomo wangu wa juu kwa kidole upande wa kulia, nikauvuta, ili pumzi itokee kushoto, kama nilivyoona unavyotema mate ukipiga mswaki. Nikapuliza. Fyuuu. Pumzi yote ilipita pembeni ya ukingo, haikuugusa hata kidogo. Ungepuliza mpaka meno yaliyobaki yaanguke, isingetoa sauti, si kwako, si kwa malaika mwenye kovu.

Nikachukua kisu nikalichonga pengo upya, nikalisogeza kushoto, ukingo nikaulaza mshazari kuifuata pumzi, upande mmoja juu kidogo, upande mmoja chini. Ni sura mbaya, baba angecheka. Nikaubana mdomo tena vile vile. Ikatoa sauti, kaka. Mbovu, ya kukwaruza kama jogoo anayejifunza, lakini ni sauti. Odeta alikuwa anachota maji, akasema, "Huyo nani anapuliza?" Kwa hiyo mdomo wako unaweza. Tangu mwanzo ulikuwa unaweza. Mwambie Mzee Ndassa asitafute mtu, mwambie leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Utaniuliza, nilikupimaje basi nikakosea namna ile?

Sikukupima. Mchana ule umelala mkekani nyuma ya nyumba nilikuja kweli, sikudanganya hapo. Nilikuwa nimenawa mikono kwa sabuni ya mama. Nikapiga magoti. Ulikuwa unapumua kwa mdomo, kovu linapanda na kushuka, upande mmoja bado lilikuwa jekundu. Nilikisogeza kidole mpaka pumzi yako nikaisikia kwenye ukucha. Kilikuwa kimebaki kidogo tu. Nikakirudisha. Nikasogeza tena, nikakirudisha. Nikaondoka, nikaenda kukata pengo la mdomo wako wa zamani, ule ninaoukumbuka, nikasema moyoni labda litafaa, na asubuhi nikakwambia nimekupima. Uliponiandikia unauliza kosa ni la nani, nilijua ni langu.

Wewe uliona sikutaka kukuamsha. Ungekuwa macho pia nisingeweza. Siku zile zote ulizokaa nyumbani nilikuwa nakuchekesha na kukuimbia uongo wangu, ili usije ukasema, haya Fundi Mkuu, nipime.

Niliogopa kukugusa, kaka.

Mdogo wako,
Xavery